Jumatano za Mke wa Haiwezekani

Mtaani walimwita Haiwezekani, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Alikuwa fundi viatu wa miaka sitini na miwili, mwenye mabega mapana na vidole vilivyokauka kwa gundi. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la dawa na ukuta wa benki, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia ubavuubavu. Kabla ya viatu vya raia alikuwa amekaa jeshini miaka kumi na tisa, yote katika stoo ya mavazi: viatu, mikanda, makoti, mablanketi. Vita vilipopiganwa hakufyatua risasi hata moja. Vita yeye alivijua kwa namba za miguu.

Kwa sababu hiyo, kutazama naye filamu ya vita ilikuwa adhabu. Watu wakikaa tu kutulia mbele ya televisheni, yeye huyo.

"Haiwezekani! Amevuka mto sasa hivi, mbona viatu vikavu?"

"Baba, tunatazama," watoto wangesema.

"Tazameni, sijawakataza. Ila bunduki ile inachukua risasi nane. Nimehesabu ishirini na tatu. Hizo nyingine anazitoa wapi, mfukoni?"

Watoto walikua wakaoa na kuolewa wakaenda zao, na mkewe akajifunza kubeba kiti chake kwenda jikoni kila bunduki ya kwanza ilipolia. Mkewe huyo alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Miaka ishirini na saba alikuwa amenyoosha mashuka ya wagonjwa kwa pasi ya mvuke, na mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Hata kucheka alicheka kwa kubana, puani, kama mtu anayezuia chafya.

Mambo yalianza hospitali ilipopanga zamu upya. Siku za Jumatano mkewe alitoka kazini saa saba mchana badala ya saa kumi. Fundi alitegemea atafika nyumbani saa nane. Jumatano ya kwanza alifika saa kumi na mbili na robo, akavua viatu, akakaa kumenya viazi, na katikati ya kumenya akaangua kicheko. Hakikuwa kile cha puani. Kilikuwa kicheko cha tumbo, cha kutikisa mabega, kisu mkononi.

"Nini?" fundi akauliza.

"Hakuna kitu."

"Mtu hachekeshwi na hakuna kitu."

"Mimi nimecheka, si umeona?" Akaendelea na viazi vyake.

Jumatano ya pili alirudi amevaa hereni ambazo fundi alizikumbuka kwenye harusi ya binti yao, na hazikuonekana tena tangu hapo.

"Hizo hereni zimetoka wapi?"

"Kabatini."

"Leo kuna nini?"

"Leo Jumatano," mkewe akajibu, akawasha jiko.

Fundi hakuwa mtu wa wivu. Kwa kweli hakuwahi kupata nafasi ya kuwa na wivu; mkewe alitoka nyumbani kwenda kazini, akatoka kazini kuja nyumbani, miaka yote. Sasa wivu ulimwingia kama kijiwe kinavyoingia kiatuni. Unatembea nacho ukijiambia ni kidogo, kitahama chenyewe, na kila hatua kinakukumbusha kipo. Akiwa kazini aligonga kidole badala ya msumari. Alimrudishia mteja kiatu cha kushoto cha mtu mwingine. Na nyumbani alianza kumwangalia mkewe kwa pembeni, akaona mambo ambayo pengine yalikuwepo siku zote: shingo yake bado ilikuwa ndefu, na akifunga kitambaa kichwani alikifunga kwa mkono mmoja, haraka, kama msichana.

"Unanitazama nini?" mkewe akauliza.

"Sikutazami."

"Basi umegeuza kichwa bure."

Asubuhi ya Alhamisi iliyofuata Jumatano ya tatu, mkewe aliondoka na raba za kazini, akaacha viatu vyake vyeusi mlangoni. Fundi akavichukua, akakaa navyo kizingitini kwenye mwanga, akavaa miwani. Mtu angeweza kumdanganya kwa maneno. Kwa viatu, ilikuwa vigumu. Alipenda kusema kwamba akipewa kiatu atakutajia kazi ya mwenyewe, uzito wake na mguu anaoutegemea, na mara nyingi alipatia.

Kwenye soli ya kulia alikuta chingamu ya waridi, na ndani ya chingamu vipande vya maganda ya karanga. Kwenye ncha ya kiatu hichohicho, rangi ilikuwa imechubuka mahali pamoja tu, kama kitu kilichogongwagongwa taratibu kwenye chuma. Fundi akaelewa. Mtu anakaa, anapachika mguu juu ya mguu, anagongesha ncha ya kiatu kwenye kitu kilicho mbele yake. Mtu wa namna hiyo hana haraka. Amestarehe. Na karibu yake kuna mtu anakula karanga.

Mkewe hakula karanga. Zilimwingia kwenye meno.

Fundi akafunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mvua kubwa, akaenda kwa shemeji yake. Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa msusi mitaa miwili kutoka pale, na alikuwa na mteja kitini.

"Shemeji! Karibu. Umefunga kazi mapema hii, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Dada yako Jumatano anakwenda wapi?"

Mikono ya shemeji ilisimama kichwani kwa mteja. "Kwani hajakwambia?"

"Angeniambia ningekuja kwako?"

"Basi muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi ni msusi, shemeji, si askari wa getini." Mteja kitini akacheka. Shemeji akaendelea kusuka, lakini fundi alipofika mlangoni akamwita nyuma. "Shemeji, tafadhali usiende huko na hasira. Dada anafurahi akiwa pale. Mwache afurahi."

Alidhani anatuliza. Fundi alirudi kibandani akiyarudiarudia maneno hayo: anafurahi akiwa pale. Kwa hiyo kuna pale. Na hapa je, akiwa hapa anakuwaje?

Jumatano ya nne alijipanga. Alivaa kofia, na koti ambalo mkwe wake alilisahau siku alipokuja kuwatembelea, akasimama mbele ya geti la hospitali akijifanya anasoma matangazo. Saa saba na dakika tano mkewe akatoka, hereni masikioni. Fundi akaachia hatua thelathini, akafuata. Hakuhitaji hata kumtazama sana, kwa sababu visigino vile alivipigilia yeye mwenyewe, na mlio wake aliujua katikati ya mji mzima. Wakapita sokoni, wakapita duka la vitabu, wakakata kushoto kwenye barabara ya mafundi wa redio, na mkewe akapanda ngazi za ukumbi wa zamani wa sinema.

Fundi akabaki chini akitazama bango. Palichorwa lori jeusi la jeshi, nyuma limepakia majeneza, na mbele amesimama mtu anayetabasamu, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Picha gani hii?" akamuuliza mwanamke wa tiketi.

"Ya vita. Kisasi. Inachekesha sana."

"Vita inayochekesha? Haiwezekani."

"Baba, unaingia au umekuja kukagua?"

Akaingia.

Ndani hapakuwa na watu hata thelathini. Aliuona mkao wa mkewe kabla macho hayajazoea giza, akakaa safu mbili nyuma yake. Na hapo moyo ukampasuka: kando ya mkewe, kiti kinachofuata, palikuwa na kichwa cha mwanaume. Kipara kinachong'aa. Kipara kikainama, kikasema neno, na mkono ukamsogezea mkewe mfuko wa karatasi. Karanga! Mkewe akatikisa kichwa kukataa, lakini kwa upole, na upole ule ulimuuma fundi kuliko kama angechukua. Akakunja ngumi ndani ya mifuko ya koti la watu. Akaamua: filamu ikiisha, taa zikiwaka, nitasimama mbele yao nisiseme lolote, niwatazame tu.

Filamu ikaanza, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya zaidi ya kungoja, akatazama.

Steringi alikuwa dereva wa jeshi asiyetajwa jina. Kazi yake kupeleka majeneza matupu vitani na kuyarudisha yamejaa. Maofisa wake wanauza mafuta ya magari kwa adui yuleyule wanayepigana naye, msafara wa dereva unazimika mlimani, wenzake wote wanauawa, na yeye mwenyewe anatupwa kama maiti ndani ya jeneza la lori lake. Anazindukia humo. Anatoka, anajifuta vumbi, anatafuta futi ya kupimia, na anaanza kuwatembelea maofisa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jeneza lake.

"Lori la tani saba halipandi mlima ule kwa gia ya nne," fundi akanong'ona.

Kisha: "Jeshi gani wakati ule lilikuwa na soli za mpira? Haiwezekani."

"Mzee," sauti ikatoka nyuma, "kama unajua sana nenda ukaendeshe wewe."

Fundi akanyamaza, akaendelea kukosoa moyoni. Lakini dereva yule alikuwa na adabu ya ajabu. Hakupiga kelele, hakutukana. Aligonga mlango, akapiga saluti, akasema, "Samahani, afande, naomba unyooshe miguu kidogo," akapima, akaandika kwenye kidaftari. Kanali mmoja alitoroka bafuni kwa woga, akateleza kwenye sabuni akafa kabla hajaguswa. Dereva akabaki na futi yake mlangoni, amenuna kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Fundi akahisi mdomo unamcheza. Akaubana. Ofisa mwingine alikuwa jukwaani anahutubia juu ya ushujaa. Alipomwona dereva kwenye safu ya mbele akaruka dirisha la nyuma, moja kwa moja kwenye shimo la maji machafu. Fundi akakohoa ili asicheke.

Ndipo akaja jenerali. Jenerali hakukimbia wala hakuomba msamaha. Alilikagua jeneza lake akakasirika. Mbona la kanali limepakwa vanishi na langu halina? Na hili ni fupi! Dereva akasema kwa heshima zote kwamba amepima mara mbili. Jenerali akasema wewe hujui kupima, akaingia mwenyewe, akalala, akaonyesha kwa kidole. "Umeona? Kichwa kinagusa!"

"Naona, afande," dereva akasema, akafunga kifuniko.

Na ndani ya jeneza, wakati misumari inagongwa, sauti ya jenerali ikaendelea kudai kibao cha cheo chake.

Fundi akalipuka. Miaka kumi na tisa stooni alikuwa amesikiliza wakubwa wakilalamika hivyohivyo, kiatu kinabana, mbona cha fulani kina ngozi nzuri, na kicheko ambacho hakukicheka siku zile kilitoka chote kwa pamoja, kikubwa, cha kukwaruza kama geti la chuma. Ukumbi mzima uligeuka. Akageuka na mkewe.

Wakatazamana gizani.  Mkewe akageuza uso kwenye filamu, na fundi akabaki na kicheko kilichomkatikia kooni.

Taa zilipowaka, kipara kikasimama, na kutoka upande wa pili kikashikwa mkono na mama mmoja mfupi aliyefunga kilemba cha njano. "Twende, mume wangu," mama akasema. "Umemaliza karanga zangu zote ukigawia watu." Wakaondoka wamekamatana.

Watu wakatoka. Mkewe hakunyanyuka. Fundi akavuka safu mbili, akakaa kwenye kiti cha kipara, ambacho kilikuwa bado cha moto.

"Umenifuata," mkewe akasema.

"Nimekufuata."

"Kwa koti la mkwe wetu."

"Nilidhani kuna mtu."

Mkewe akatazama pazia jeupe ambalo sasa halikuwa na kitu. "Yupo," akasema.

Fundi akageuka kutazama safu za nyuma, zote tupu.

"Nilikwambia zamani nilikuwa na mchumba, mambo yakaharibika," mkewe akaendelea. "Hukuniuliza yaliharibikaje, na mimi sikukwambia. Alikuwa dereva wa jeshi. Msafara wao uliishiwa mafuta njiani, mahali peupe hapana hata kichaka. Mafuta yalikuwa yameuzwa. Walikaa siku nne, siku ya tano wakapigwa. Kwao wakaletewa jeneza limegongwa misumari, mama yake akaambiwa asifungue. Kwenye mazishi akaja mkubwa wao mmoja na karatasi, akasoma maneno mazuri sana. Ila jina alilosoma lilikuwa la mtu mwingine. Na sisi sote tukaitikia amina."

Fundi akavua kofia, akaiweka magotini.

"Sijawahi kulia ipasavyo, baba watoto. Nilikasirika tu, hasira ikakaa. Halafu mdogo wangu akanileta hapa, namwona mkubwa anagombania urefu wa jeneza. Nilicheka mpaka nikashika kiti. Miaka thelathini na minane sijacheka juu ya jambo lile. Nikarudi tena, na tena. Basi, ndiye huyo mtu wangu wa Jumatano."

Mwanaume mwingine angepumua. Mke hana hawara, mpinzani ni marehemu wa siku nyingi, mambo yamekwisha. Fundi alijaribu kupumua, akashindwa. Kipara angeweza kumkabili. Kipara alikuwa na umri, alikuwa na tumbo, pengine alikoroma. Lakini huyu alikuwa na miaka ishirini na mitatu na angebaki nayo. Hakuwahi kusahau siku ya kuzaliwa ya mtu, hakuwahi kulalamikia chumvi, hakuwahi kulala na soksi. Kesho yake asubuhi fundi alijitazama kwenye kioo cha kunyolea, akahesabu meno yaliyobaki, akaghadhibika na maiti.

Wiki nzima aliuliza maswali. Aliyauliza kwa kupitia pembeni, mgongo umegeuzwa, kama mtu asiyejali.

"Alikuwa mrefu?"

"Nani?"

"Yule dereva wako."

"Kidogo."

"Kuliko mimi?"

"Kuliko wewe."

"Kwa viatu au bila viatu?"

Mkewe akaweka chini sahani aliyokuwa anaifuta. "Baba watoto, mtu amekufa."

"Nauliza tu."

Mara nyingine mkewe alimwonea huruma, akamtupia kasoro. Dereva aliimba vibaya na hakujua kwamba anaimba vibaya. Alijisifu. Siku moja alimsahau stendi saa tatu nzima kwa sababu alikutana na rafiki. Fundi alizipokea kasoro hizo kwa uso mkavu, akaenda nazo kibandani, akazilamba siku nzima kama peremende. Saa tatu nzima! Mimi nisingemsahau hata dakika. Halafu jioni angeona mkewe ametulia dirishani, kidole kimegusa hereni, na utamu wote ungemwisha mdomoni.

Jumatano ya tano alisema anakwenda naye. "Nataka kuiona vizuri. Ile siku nilikuwa na mawazo."

Walikaa pamoja. Kila dereva alipotokea, mkewe alisogea mbele kidogo kwenye kiti, kiasi cha inchi moja, na fundi aliipima inchi ile kila ilipotokea. Ikafika zamu ya jenerali. Ukumbi ukacheka, mkewe akacheka, akampiga fundi kwa kiwiko ili wacheke wote. Lakini safari hii fundi hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vya jenerali, vipya, vya ngozi laini, vimetokeza nje ya jeneza kabla kifuniko hakijashuka. Aliviangalia mpaka vikapotea.

Walipokuwa wanarudi, karibu na maduka ya mafundi wa redio, akasimama.

"Wakati ule nilikuwa stooni," akasema.

"Najua ulikuwa stooni."

"Petroli sikuigusa. Haikuwa idara yangu. Lakini viatu vilipita mikononi mwangu. Kulikuwa na meja. Alikuja na gari mlango wa nyuma mara nne, akasema nitoe viatu vipya, maboksi kwa maboksi, na mimi nikatoa. Vijana waliokuwa wanapelekwa mbele niliwapa vilivyobaki, vilivyofunguka midomo. Mmoja aliniuliza, afande, hivi vitafika? Nikamwambia funga kamba kwa nguvu."

"Kwa meja ulisemaje?"

"Nilisema, ndiyo, afande."

"Basi?"

"Mara zote nne."

Watu walikuwa wanapita, na redio tatu zilikuwa zinaongea kwa wakati mmoja. Mkewe alimtazama usoni, kisha akaruka mtaro akavuka barabara peke yake. Fundi alisikiliza visigino vikienda. Hakufuata.

Siku tisa mkewe alilala chumba cha binti yao. Chakula alipika, maji ya kuoga aliweka, salamu alijibu. Zaidi ya hapo, hakuna. Na fundi, katika siku hizo tisa, aligundua kwamba wivu wake umebadilika, umekuwa mbaya zaidi. Mwanzo alimwonea dereva wivu kwa kupendwa. Sasa alimwonea wivu kwa kuwa alikufa bila kusema ndiyo, afande, kwa jambo ambalo angepaswa kulikataa. Au pengine naye aliwahi kusema, marehemu haulizwi. Kwa hilo vilevile fundi alimwonea wivu.

Siku ya kumi, saa tano asubuhi, kivuli kiliziba mlango wa kibanda. Alikuwa mkewe, na gauni la kazini, amekuja wakati wa mapumziko. Palikuwa na mteja mmoja ndani. Akasubiri nje mpaka mteja akatoka, kama mtu mwingine yeyote, akaingia, akakaa kwenye kigoda, akavua kiatu.

"Kisigino kimelegea."

Fundi akakipokea. Akakiweka kwenye chuma, akang'oa msumari uliopinda. 

"Sinema wameitoa," mkewe akasema. "Nilipita jana. Wameweka nyingine, ya mapenzi."

"Aha."

"Nilikuwa nataka kukuuliza yule kijana. Wa kamba. Alirudi?"

"Sijui. Sikutafuta kujua."

 Nje mtu wa duka la dawa alikuwa anafagia. "Nimefikiri sana," mkewe akasema. "Nilitaka nijiulize, yeye angesema nini juu yako. Nikajaribu kumsikia. Unajua nini? Sauti yake nimeisahau. Sura ninayo, sauti haipo. Nimelala siku tisa natafuta sauti ya mtu, ninachosikia ni wewe unakoroma chumba cha pili."

Fundi alishika nyundo hewani. "Mama watoto, ungepewa kuchagua, yeye na..."

"Usiniulize swali hilo," mkewe akamkatiza. "Gonga msumari."

Akagonga. Akapiga brashi kidogo, ingawa kiatu hakikuhitaji brashi, akainama, akamvisha mwenyewe. Mkewe alisimama, akakanyaga mara mbili kupima, akarudi kazini. Jioni ile fundi alikuta mto wa mkewe umerudi kitandani kwao. Hawakulizungumza.

Si kwamba yalikwisha. Mkewe hakumwambia kamwe kwamba amemsamehe habari ya viatu, na fundi hakuthubutu kuuliza. Mwaka ule alianza kushona bure viatu vya wazee waliokuwa wanajeshi, wale waliomjia wakichechemea, na alipoulizwa sababu alisema ngozi imezidi stooni. Wivu nao aliendelea kuishi nao, umetulia, lakini mzima wa afya. Siku mkewe anapokaa kimya dirishani mvua ikinyesha, fundi huanza kuzungukazunguka chumbani, anafungua droo, anaifunga.

"Ni yeye?" mwishowe huuliza.

Mara nyingine mkewe husema, "Ni yeye," na fundi huvuta kiti, hukaa, hungoja mpaka apite.

Na mara nyingine husema, "Hapana, leo nawaza mashuka."

Fundi hapo hufurahi, halafu humtazama kwa pembeni, asiwe anamdanganya.